Goti la Yusra

Mimi hasira zangu hazijifichi, na sitaki mtu aje kunambia nizifiche. Ummy, mdogo wangu ninayekaa naye hapa Kikwajuni, ghorofa ya tatu, kila siku hunicheka. "Dada Zeyana," hunambia, "hivyo unavyoukanda huo unga, umekukosea nini?" Mimi humjibu kuwa unga haujanikosea, ila aliyenikosea simpati, basi unga utavumilia.

Nlikuwa muuguzi miaka kumi na mitano, na mingi katika hiyo nliimaliza wodi ya wazazi. Jina la hospitali silitaji, anayelijua analijua. Miaka minane iliyopita nlivua sare nkaikunja, nkaiweka juu ya meza ya matroni wa wakati ule, nkateremka ngazi zangu. Tangu siku hiyo naoka vileja na mikate ya kumimina kwa shughuli za watu, na mlango ule sijaukanyaga hata kumtizama mgonjwa. Mama yetu alipolazwa, Allah amrehemu, Ummy ndiye aliyekwenda na kurudi. Mimi nlipika uji nkampa aupeleke.

Lakini watu hawaniachi. "Bi Zeyana, nchomee sindano hii." "Bi Zeyana, mtizamie mwanangu kitovu, kinatoa maji." Wanapanda ngazi zote tatu wanahema. Nnawafungulia, nnawatizama, nnawafokea kwa nini wamekaa na ugonjwa siku nne, kisha nnarudi kwenye unga wangu.

Basi ilikuwa mwezi wa Mfungo Pili, siku ya Alkhamisi baada ya laasiri, nkasikia hodi. Nkadhani ni yule jirani wa kidonda cha sukari. Nkafungua mlango, namwona Muzdalifa.

"Shikamoo Bi Zeyana."

Nlitaka kuufunga ule mlango, wallahi nlitaka. Lakini marahaba hanyimwi mtu. Nkasema marahaba, na yeye akaipitia hiyo hiyo marahaba akaingia ndani.

Muzdalifa nlimfundisha kazi mimi. Alikuja wodini katoka skuli juzi, akiona damu anashika ukuta. Leo ndiye matroni. Kavaa miwani, kanenepa, simu mbili mkononi. Akakaa kwenye ukingo wa kochi, bahasha mapajani, hajui aanzie wapi.

"Wauguzi wametuishia," alisema. "Hawa wamestaafu, hawa wamekwenda Oman. Wodi ya wazazi zamu nzima nina sista mmoja na wanafunzi. Tumeruhusiwa tuwarudishe wa zamani, na jina lako limo. Wanataka jawabu Jumatatu."

"Jina langu kalitia nani?"

Akalitizama busati langu kama limeandikwa kitu. "Dokta Msabah," alisema.

Hapo inabidi nikwambieni ilivyokuwa, maana wengine mmeisikia kwa midomo ya mtaa, na mdomo wa mtaa hauna breki.

Ilikuwa Ijumaa, jioni jioni. Yusra, mtoto wa miaka ishirini kutoka Kidichi, uzazi wake wa mwanzo, alijifungua asubuhi mtoto wa kike mzima kabisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na kifafa cha mimba. Kwa ugonjwa huo kuna dawa ya sindano, na dawa hiyo ina adabu yake. Kila mara kabla ya kumchoma mgonjwa unamgonga goti kwa kinyundo kidogo. Mguu ukiruka, mpe. Usiporuka, jua dawa ishajaa mwilini, ukimwongeza utamsimamisha pumzi. Hili hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua.

Saa ya sindano ikafika. Nkamgonga Yusra goti la kulia, mguu haukuruka. Nkamgonga la kushoto, vile vile. Nkampigia simu Dokta Msabah. Yeye ndiye aliyekuwa zamu, na zamu yake alikuwa anaifanyia harusini, taarabu naisikia nyuma yake. Simu nliiweka sauti ya juu kwa sababu mikono yangu imeshika vitu, na Muzdalifa kasimama ubavuni kwangu na trei. Nkasema, "Dokta, goti haliruki. Nimpe au nisimpe?" Akasema, "Mpe, mpe, kifafa kitamrudia. Mimi nakuja." Nkamuuliza mara ya pili. Akanambia, "Zeyana, nani daktari hapa?"

Nkampa. Magharibi haijaadhiniwa, Yusra keshasita kupumua. Tulikimbia huku na huku, dawa ya kuivunja nguvu ile sindano ikapatikana, lakini ikachelewa. Mama yake, Bi Wanu, alikuwa kakaa nje ya wodi na chupa ya supu ya kuku. Mimi ndiye niliyetoka kumwambia. Nlimshika mikono nkamwambia, "Mama, ahadi yake imefika."

Sasa, kazi yetu ina desturi. Amri ya simu muuguzi anaiandika kwenye faili, daktari akija anaitia saini. Dokta Msabah alikuja na kanzu yake ya harusi, akalisoma faili, saini hakutia. Mbele ya kamati alisema yeye hakusema nimpe, alisema nimsubiri. Muzdalifa akaulizwa kama alisikia. Alikuwa na miezi miwili kazini. Akasema alikuwa mbali, hakusikia kitu. Nkabaki mimi na mwandiko wangu. Nkapewa barua ya onyo, nkahamishiwa stoo ya mashuka. Siku tatu nlihesabu mashuka. Siku ya nne nkavua sare.

Kwa hiyo jina la Dokta Msabah lilipotajwa juu ya kochi langu, damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Aliyenitia kwenye mashuka ndiye anayenitoa?"

"Anakwenda hija mwaka huu, Bi Zeyana. Anatengeneza mambo yake."

"Alaa! Na mimi ni katika mambo yake? Niko pamoja na sanduku na ihramu?"

Nkavuta kiti nkakaa mbele yake, magoti yetu yanakaribia kugusana. "Muzdalifa, nnakuuliza, na hapa hakuna kamati. Ulisikia?"

Miwani ikaanza kuingia ukungu. "Nlisikia. Neno kwa neno."

"Na ukasema?"

"Nkasema sikusikia. Nliogopa, Bi Zeyana. Kazi nna miezi miwili, mama anan'gojea mimi."

"Kila mtu ana mama. Hata Yusra alikuwa na mama, yuko nje na supu."

Hapo akalia kwa sauti. Ummy akatoka jikoni na buli la chai, akanitizama jicho la kuniambia basi. "Kunywa chai, bibi wee," alimwambia Muzdalifa. "Huyu anabweka tu, meno kayang'oa zamani." Mimi nkasema meno yangu yapo yote.

Muzdalifa alikunywa chai nusu kikombe. Alipoinuka alinambia kuwa Jumamosi Dokta anasomewa dua ya safari nyumbani kwake Malindi, pale bandarini, watu wa wodi wote wamealikwa, na mimi kanitaja kwa jina. Nkamwambia aondoke na bahasha yake. Akaiacha juu ya kiti.

Nisiseme uwongo. Nlitaka kurudi. Nlikuwa nataka miaka yote minane, mpaka mikono inaniwasha. Nliipenda ile saa mtoto anapotoka kabla hajalia, wodi nzima imenyamaza inamsubiri yeye. Nlikuwa najua kazi, na najua kuwa najua. Na hicho ndicho kilichonikera zaidi, kuwa kitu nnachokitaka kuliko vyote kiko mkononi mwa mtu yule, naye ananitupia kama anavyomtupia paka kichwa cha samaki. Nkikichukua, nimesema yamekwisha. Nkikikataa, ntazeeka hapa na vileja.

"Nenda kwenye dua," Ummy aliniambia. "Mwambie usoni kwake. Akishakujibu ndio utajua kama unarudi au hurudi. Hapa unatuchosha sote, mimi na unga."

Jumamosi nkavaa buibui langu zuri nkaenda Malindi.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume chini, wanawake juu ukumbini, mikeka imetandikwa, udi unafuka, halua na kahawa vinazunguka. Wauguzi wa zamani wote nliwakuta pale. Waliniona wakanikumbatia, wakanambia sijabadilika, na mimi nkawaambia wao wamebadilika. Dua ikasomwa, honi ya boti ya Dar ikaikata katikati, ikasomwa tena. Kisha Dokta Msabah akapanda juu kutuaga, kanzu nyeupe, kofia ya vitobo, nywele zote zimekuwa mvi. Akasimama mlangoni mwa ukumbi.

"Ndugu zangu," alisema, "safari hii mtu huenda akarudi na huenda asirudi. Mimi ni binaadamu. Kama yupo niliyemkosea, kwa kujua au kwa kutojua, namuomba anisamehe."

Wote kwa pamoja wakaitikia, kama inavyoitikiwa siku zote. "Tushakusamehe, dunia na akhera. Na wewe tusamehe."

"Mimi sijakusamehe," nlisema.

Vikombe vyote vikasimama. Bibi mmoja mtu mzima karibu yangu akasema, "Lahaula! Mtu anakwenda kwenye nyumba ya Mungu!"

"Na aende salama, bibi. Lakini mimi nimsamehe nini? Hajanambia."

"Bi Zeyana," Dokta alisema kwa upole, ule upole wake wa kuzungumza na wagonjwa, "yale yalishapita."

"Yamepita wapi? Kwangu hayakupita, mimi nnakaa ghorofani, ningeyaona. Kama, kama, kama! Kama umenikosea! Hujui? Mficha uchi hazai, Dokta. Maneno hayo miaka yote unawaambia wazazi wenye haya. Leo haya ni zako wewe. Taja."

Mtu akacheka, mkunga bila ya shaka, akajiziba mdomo. Mke wa Dokta akanambia nisimharibie mumewe safari. Ukumbi ukaanza kuvuma. Na katika uvumi ule Muzdalifa akasimama, mtandio umemvuka.

"Mimi nlisikia," alisema. "Simu ilikuwa sauti ya juu. Dokta alisema mpe. Mimi nlikuwa na trei."

Dokta akamtizama, akanitizama mimi. Akavua miwani akaifuta kwa kanzu, muda mrefu. "Kweli," alisema. "Nlisema mpe, kisha nkasema sikusema. Nlikuwa naogopa. Zeyana, kwa hilo nnakuomba radhi."

Miaka minane nliyaota maneno yale. Nlijua namna ntakavyosimama na uso ntakaouweka. Sasa yamekuja, na kabla sijajua niyafanye nini, yeye akaongeza.

"Nikuulize na mimi?"

"Niulize."

"Goti uligonga?"

"Nligonga."

"Likaruka?"

"Halikuruka. Nkakwambia."

"Ulinambia. Ngoma ilikuwa kubwa lakini nlisikia. Faili nalo nlilisoma. Amri yangu umeiandika, saa umeiandika. Pahala pa goti hukuandika kitu. Uliacha wazi. Ulijua goti haliruki, na unajua maana yake kama nnavyojua mimi. Sasa kwa nini ulimpa?"

"Kwa sababu wewe ulisema!"

"Na mkono ulikuwa wa nani?"

Jamani. Watu wote wale wananitizama. Kamati nzima haikuniuliza suali lile, na Ummy hajaniuliza, na mimi mwenyewe nlilikimbia miaka minane. Nani kasema mpe, nani hakusema mpe, hayo ndiyo nliyokuwa nayakanda kila siku. Goti nlilificha. Nliacha wazi kwa makusudi, kalamu nnayo mkononi, kwa sababu nlijua nkiandika "halikuruka" nimejiandikia hatia mwenyewe. Nlimchukia yule mtu mlangoni kuliko siku zote, na nlimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli.

"Nyani haoni kundule," nlimwambia. "Kwa mama yake Yusra ulikwenda wewe?"

"Nlikwenda," alisema. "Jumatano. Bi Wanu kanisamehe. Wewe ulikwenda?"

Nkavaa viatu vyangu nkateremka. Halua sikuonja.

Siku ya Jumapili, asubuhi na mapema, nlikuwa Kidichi. Ummy alitaka kunifuata, nkamkataza. Nlikuwa bado na hasira, tena zimezidi. Hasira juu ya Dokta, kuwa kanitangulia. Hasira juu yangu mwenyewe, kuwa mtu mwongo kama yule kapata miguu ya kufika Kidichi na mimi mkweli sikuipata.

Bi Wanu nlimkuta uani kwake, kakaa juu ya kibao, anakwangua magome ya mdalasini. Amekonda. Mikono ile ile nliyoishika siku ile, ila sasa imejaa mishipa.

"Shikamoo Bi Wanu."

"Marahaba." Akaninyanyulia macho. "Nakujua wewe. Wewe ndiye uliyeniambia ahadi yake imefika."

"Ndiye mimi."

"Kaa."

Nkakaa mkekani. Nkamuuliza mtoto wa Yusra, akanambia yuko chuoni, anasoma Kurani. Nkasema bora, maana nliyonayo si ya kusikia mtoto. Akaacha kukwangua.

"Bi Wanu," nlisema, "sikuja kukwambia kama nimekukosea. Nimekukosea, na nnakutajia." Nkamweleza. Nkamweleza kinyundo kile ni cha nini na goti lisiporuka maana yake nini. Nkamwambia nligonga la kulia na la kushoto. Nkamwambia daktari alisema nini, na mimi niliuliza mara ngapi. Nkamwambia pahala nlipopaacha wazi kwenye faili, na kuwa kwa ajili hiyo nlihamishiwa stoo ya mashuka badala ya kupewa adhabu kubwa zaidi. Nlisema yote bila ya kupumzika, kama mtu anayetapika.

"Rudia hapo pa goti," alisema.

Nkarudia.

"Halikuruka, na wewe unajua maana yake."

"Nlijua."

"Na ukamchoma mwanangu."

"Nkamchoma."

Kisu cha mdalasini kilikuwa bado mkononi mwake. Akakiweka chini taratibu, kama anaogopa kukishika.

"Daktari wako alikuwa hapa Jumatano," alisema. "Kaja na mkewe na kopo la halua. Kakaa hapo hapo ulipokaa wewe. Kasema, Bi Wanu, nakwenda Makka, kama katika kumuuguza Yusra nlikukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Mimi nkaona mtu mzima, daktari, kaja mpaka kwangu shamba kunitizama. Nkamwambia nshakusamehe, dunia na akhera. Nkamwombea dua! Nkamtuma aniombee kwenye Kaaba!" Sauti yake sasa ilikuwa inasikika kwa majirani. "Kumbe nasamehe kitu nisichokijua! Halua yake tumeila, kopo tumelikomba kwa vidole!"

Kumbe ndivyo alivyokwenda. Na kule Malindi akanisimamia mlangoni kama mtu aliyemaliza. Nlitamani niwe na mbawa nimkamate kabla hajapanda ndege. Lakini nlipofungua mdomo kumtukana, Bi Wanu alinyanyua kidole.

"Usimtaje. Yeye ana siku yake. Kifo ni ahadi ya Mungu, hilo silikatai, ningelikataa ningekuwa kafiri. Lakini ile sindano ilikuwa yako."

"Ilikuwa yangu. Nnakuomba radhi, Bi Wanu."

"Radhi hakuna."

Alisema hivyo tu. Kisha akageuza kichwa kwenye mlango wa jiko akaita, "Ulfat!"

"Naam, mama."

Akatoka msichana, mkono kiunoni, tumbo limemtangulia. Umbo la Yusra, uso wa Yusra. Nkamtizama miguu, maana macho yangu hayajui kutizama kwengine. Ilikuwa imevimba, viatu vinambana.

"Huyu ndiye aliyebaki," Bi Wanu alisema. "Nyuma yake sina mwengine. Mwezi wa nane huu, na presha imeanza kumpanda kama dada yake. Kliniki wamesema nisithubutu kumzalisha nyumbani, nimpeleke hospitali. Ile ile. Mimi miguu yangu haitaki kukanyaga pale, lakini ntampeleka wapi? Nambie. Wewe umefanya kazi pale. Siku hiyo nani atakuwepo?"

Nkachezea uzi wa mkeka.

"Nakuuliza nani atakuwepo?"

Nlikuwa najua nani atakuwepo. Sista mmoja na wanafunzi, na daktari yuko kwenye simu. Nlikuwa na maneno mengi kifuani, kuwa nafasi ile kanitilia Dokta, kuwa nkirudi watasema kaninunua, kuwa mimi nlivunjiwa heshima na hakuna aliyeinyanyua. Yote yalikuwa maneno ya kunihusu mimi. Ulfat hayakumhusu hata moja.

"Mimi," nlisema.

"Sikusikii."

"Ntakuwepo mimi."

"Na goti lake likikataa kuruka, na mkubwa wako akakwambia mpe?"

"Simpi."

"Akikufokea?"

"Na afoke."

"Wakikurejesha kwenye hayo mashuka?"

"Ntayahesabu. Lakini simpi."

Alinitizama, jicho kavu, sijaona jicho kavu kama lile. Ulfat alikuwa anatutizama sote wawili, hajui tunazungumza nini juu ya goti lake.

"Basi radhi usiniombe leo," Bi Wanu alisema. "Moja nshaitoa kwa upofu, ya pili siitoi hivyo. Huyu akizaa, akitimiza arubaini yake, akitoka nje kwa miguu yake na mtoto wake mkononi, siku hiyo uje uniombe. Hapo ntakwambia."

Akaokota kisu akarudi kwenye mdalasini. Chai hakunikaribisha, na mimi sikuingoja. Nlimwambia Ulfat akakae chini anyanyue miguu juu, avue viatu vile, na kesho asubuhi aje mjini hospitali nimpime presha kwa mkono wangu, kichwa kikianza kumuuma au macho kuona giza asingoje hata kesho. Nlipofika njia kubwa nkampigia simu Muzdalifa. Nkamwambia aniandike zamu, aniandike wodi ya wazazi, na nianze kesho. Akaanza kulia, nkamwambia anyamaze, ashike kalamu aandike.